Je, Mkono Huu Utarudi? Kubashiri Ulemavu wa Kudumu Baada ya Mashambulio ya Ukoma

Katika mashamba ya mpunga ya Kilangali, wilayani Kilosa, kazi karibu zote ni kazi za vidole: kung'oa miche, kuipandikiza, kupalilia, kushika mundu wakati wa mavuno. Msomaji na amwazie mkulima mmoja wa huko, mtu wa kubuni, ambaye siku moja anaona kwamba kidole chake kidogo cha mkono wa kulia hakinyooki kama zamani. Hana homa wala maumivu makubwa. Mwaka uliopita alitibiwa ukoma, akamaliza dawa zote, akaambiwa amepona. Kwa hiyo kidole anakidhania kuwa ni uchovu wa jembe. Baada ya majuma kadhaa kidole cha pili kinafuata, na kikombe cha chai ya moto kinamuunguza bila yeye kujua. Hatimaye anapofika zahanati, swali lake ni moja: je, mkono huu utarudi?

Swali hilo ni la kisayansi hasa, na lina jibu, ijapokuwa jibu lenyewe si la ndiyo au hapana. Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wa utabibu wanavyoweza kubashiri ni shambulio lipi la mishipa ya fahamu litakaloacha ulemavu wa kudumu na lipi litakalopita, na kwa nini ubashiri huo hutegemea zaidi kalenda kuliko vyombo vya thamani kubwa.

Swali la namna hiyo huulizwa pia katika nchi za baridi, lakini kuhusu ugonjwa mwingine uitwao maltipo sklerosisi, yaani ugonjwa wa makovu mengi katika ubongo na uti wa mgongo. Ugonjwa huo hupatikana zaidi Ulaya ya Kaskazini na Marekani ya Kaskazini, na katika Afrika Mashariki huonekana kwa nadra, ingawa upo. Mara nyingi huja kwa mashambulio. Mgonjwa hupoteza nguvu za mguu au nuru ya jicho moja kwa siku au majuma kadhaa, kisha hupata nafuu. Zamani ilisemwa kwamba nafuu hiyo kwa kawaida ni kamili. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Fred Lublin walilinganisha vipimo vya kabla ya shambulio na vya kiasi cha miezi miwili baadaye, wakakuta kwamba watu 42 kwa kila 100 walikuwa wamebaki na upungufu uliopimika. Neno la kuzingatia hapo ni "kabla". Bila kipimo cha kabla, upungufu mdogo usingalionekana kamwe, na mgonjwa angaliandikwa kuwa amepona. Jambo hili litarudi mbele.

Nchini Tanzania ugonjwa unaoshambulia mishipa ya fahamu kwa vipindi, na kuwaachia watu ulemavu, ni ukoma. Msomaji asidhani kwamba ni habari ya vitabu vya kale. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977. Mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza dawa mseto badala ya dapsoni peke yake. Na mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kuwa na mgonjwa chini ya mmoja aliye katika matibabu kwa kila watu 10,000. Lakini kufikia lengo hilo si kuutokomeza ugonjwa. Wilaya ya Kilombero, iliyo jirani na Kilosa kwa upande wa kusini, ilikuwa mojawapo ya wilaya tatu za Tanzania, pamoja na Liwale na Nanyumbu, ambamo katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 watu walioishi karibu na wagonjwa wa ukoma walipewa dozi moja ya rifampisini ili kuwakinga. Kazi kama hiyo haifanywi mahali ambapo ugonjwa umekwisha.

Kamba ya katani na ala yake

Mtu aliyekulia Kilosa, wilaya ya mkonge, hahitaji mfano mwingine wa mshipa wa fahamu kuliko kamba ya katani. Kamba moja ni nyuzi nyingi zilizofungwa pamoja. Vivyo hivyo mshipa mmoja wa fahamu una maelfu ya nyuzi hai, ziitwazo akzoni, ambazo kila moja hupeleka habari upande mmoja: nyingine hutoa amri kwenda kwenye misuli, nyingine huleta hisia za joto, mguso na maumivu kutoka katika ngozi. Nyuzi nyingi zimevikwa koti la mafuta liitwalo mayelini, nalo hufanya habari zipite kwa kasi. Koti hilo hutengenezwa na seli za Schwann. Mafungu ya nyuzi hizo yamo ndani ya ala ngumu isiyotanuka kwa urahisi, na ala hiyo ndiyo chanzo cha hatari yote itakayoelezwa.

Kiini cha ukoma, ambacho Gerhard Armauer Hansen wa Norway alikigundua mwaka 1873, hupenda kukaa ndani ya seli za Schwann. Hukua polepole mno. Hugawanyika mara moja tu katika muda wa siku kama 12 hadi 14, ilhali baadhi ya bakteria wa tumboni, katika mazingira yanayowafaa, huweza kugawanyika mara kadhaa katika saa moja. Tena hupenda ubaridi kidogo. Kwa sababu hiyo mishipa inayoathirika zaidi ni ile inayopita karibu na ngozi: nyuma ya kiwiko, pembeni mwa goti chini kidogo, nyuma ya kifundo cha mguu kwa ndani, na usoni. Kila mwanafunzi aliyewahi kugonga kiwiko chake kwenye dawati, akahisi kama umeme umempita hadi kidole kidogo, ameukuta mshipa huo wa kwanza.

Kwa miaka mingi viini vinaweza kukaa humo bila fujo. Shambulio linakuja pale kinga ya mwili inapoamka ghafla na kuvipiga vita. Mabaka ya ngozi huwa mekundu na kuvimba, na mshipa nao huvimba, lakini ndani ya ala isiyotanuka. Shinikizo hupanda, damu haipiti vizuri, na nyuzi hubanwa. Ajabu yake ni kwamba kinga ya mwili haibagui kati ya viini vilivyo hai na mabaki ya vile vilivyokwisha kufa. Ndiyo maana mashambulio hutokea sana katika mwaka wa kwanza wa matibabu, na hata baada ya dawa kwisha. Mgonjwa aliyekuja na baka tu, akameza vidonge, kisha mkono ukapooza, ana kila sababu ya kusema kwamba ni vidonge vilivyompooza. Si ujinga, ni hitimisho la mtu anayeangalia mfuatano wa mambo bila kuelezwa kilichomo ndani. Kosa ni la yule aliyempa vidonge bila kumwonya.

Kinachobanwa na kinachokatika

Madhara ndani ya mshipa huja kwa hatua, na kila hatua ina bashiri yake. Kwanza uvimbe huzuia habari kupita, na koti la mayelini huanza kuchubuka. Nyuzi zenyewe bado ni nzima. Uvimbe ukiondolewa sasa, seli za Schwann huweza kutengeneza koti jipya, na nguvu hurudi katika majuma au miezi michache.

Shinikizo likiendelea, nyuzi zenyewe hukatika. Hata hapo tumaini halijakwisha, maana nyuzi za mikono na miguu huweza kuota upya, tofauti na zile za ubongo na uti wa mgongo ambazo haziwezi kuota tena kwa kiasi cha kufaa. Lakini huota polepole, kiasi cha milimita moja kwa siku. Mwanafunzi na apime kutoka nyuma ya kiwiko chake hadi kwenye misuli ya kiganja. Akipata sentimita 30, hiyo ni milimita 300, yaani siku 300, karibu miezi kumi ya kungoja. Wakati huo wote misuli isiyopata amri hunyauka, na viungo vya vidole vilivyopinda hukakamaa.

Hatua ya mwisho ni kovu. Nafasi zilizokuwa njia za nyuzi hujaa nyama ngumu, na uzi unaotaka kuota haupati mahali pa kupita. Mshipa uliofikia hapo hauponyeki kwa dawa yoyote ijulikanayo leo. Daktari wa upasuaji anaweza kuhamisha kano kutoka kwenye msuli mzima ili vidole vinyooke tena, na wengi wamesaidiwa hivyo, ila hisia iliyopotea katika ngozi hairudi.

Kutokana na maelezo hayo msomaji mwenyewe anaweza kukisia kanuni ambayo waganga wa ukoma huitumia. Upungufu wa mshipa ambao umedumu kwa muda usiozidi miezi 6 huhesabiwa kuwa mpya, na hutibiwa kwa dawa ya kutuliza uvimbe iitwayo prednisoloni. Uliozidi hapo huhesabiwa kuwa wa zamani. Miezi 6 si mstari uliochorwa na maumbile. Mishipa mingine hupona baada ya muda mrefu zaidi, na mingine haikuponyeka ijapokuwa ilitibiwa katika mwezi wa pili. Ni mpaka wa kazi, kama ule wa alama za kufaulu mtihani.

Yaliyoonekana Ethiopia na Bangladesh

Uchunguzi mmoja mkubwa wa Afrika kuhusu jambo hili ulifanywa nchini Ethiopia na kituo cha ALERT cha Addis Ababa. Kuanzia mwaka 1988 wagonjwa wapya 594 waliandikishwa na kupimwa mishipa yao mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Karibu nusu walikuwa tayari na upungufu fulani siku ya kwanza. Lililo muhimu zaidi ni tofauti iliyoonekana baadaye kati ya namna mbili za mashambulio. Mishipa iliyopata shambulio jipya, likatibiwa, lisirudi tena, karibu tisa katika kila kumi ilirudia kazi yake kikamilifu. Mishipa ambayo mashambulio yake yalirudiarudia au yalivuta muda mrefu bila kukatika, iliyopona kabisa ilikuwa kiasi cha nusu tu.

Kwa maneno mengine, ukali wa shambulio unavyoonekana kwa macho si bashiri nzuri. Baka jekundu lililofura, lenye kutisha, humfanya mgonjwa akimbilie hospitali siku ileile, na huenda akapona kabisa. Shambulio baya ni lile la kimya, ambalo halina maumivu wala uvimbe wa kuonekana, ila hisia za vidole zinapungua kidogo kidogo kila mwezi. Mkulima wa Kilangali aliyetajwa mwanzoni ana shambulio la aina hiyo.

Lakini je, inawezekana kumtambua mtu kabla hajashambuliwa? Huko Bangladesh watafiti waliwafuata wagonjwa zaidi ya 2,500 kwa miaka miwili, na mwaka 2000 Richard Croft na wenzake wakatangaza kanuni nyepesi kiasi kwamba inaweza kutumika katika zahanati yoyote. Mgonjwa huulizwa mambo mawili tu siku anapoandikishwa: ukoma wake ni wa viini vichache au vingi, na je, tayari ana mshipa uliopungukiwa na kazi? Ukoma wa viini vingi hutambulikana, pamoja na mambo mengine, kwa mabaka yanayozidi matano. Mtu asiye na hata moja kati ya mambo hayo mawili alikuwa na hatari ya kupata upungufu mpya katika miaka miwili kwa kiasi cha 1.3 kwa mia. Mwenye jambo moja alikuwa na hatari ya 16 kwa mia. Mwenye yote mawili, 65 kwa mia.

Hapa ndipo panapofaa somo la hesabu. Tarakimu 65 kwa mia haimtaji mtu yeyote kwa jina. Inasema kwamba wakikusanywa watu 100 wenye hali hiyo, kama 65 watashambuliwa na 35 hawatashambuliwa. Haisemi ni akina nani. Tena, kundi la hatari ndogo lisidharauliwe. Mwalimu na atoe mfano wa wilaya ya kubuni yenye wagonjwa 1,000 wa kundi la chini na 20 wa kundi la juu. Kundi la chini litatoa watu 13 (1,000 mara 1.3 kwa mia), na kundi la juu pia watu 13 (20 mara 65 kwa mia). Mganga anayewachunguza wale 20 peke yao atakuwa ameshughulikia nusu tu ya watakaoumia katika makundi hayo mawili. Inafaa pia kukumbuka kwamba kanuni iliyotoka Bangladesh hapana budi ipimwe upya kila inapohamishiwa nchi nyingine, kwa kuwa wagonjwa wa nchi hiyo huenda wakafika hospitali mapema zaidi, au wakachelewa zaidi, kuliko wa huko ilikotungwa.

Mtu atauliza: ikiwa wenye hatari kubwa wanajulikana, kwa nini wasipewe prednisoloni mapema? Jambo hilo lilijaribiwa katika Bangladesh na Nepal, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2004. Waliopewa kiasi kidogo cha dawa kwa miezi minne walipata mashambulio machache zaidi katika miezi hiyo. Ulipotimia mwaka mmoja, tofauti ilikuwa imetoweka. Jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2017, lililinganisha matibabu ya majuma 20 na ya majuma 32 kwa wagonjwa zaidi ya 800 wa nchi nne za Asia ambao upungufu wao ulikuwa mpya. Waliopata nafuu walikuwa kama 78 kwa mia kila upande. Kurefusha dawa hakukuongeza kitu, na prednisoloni si dawa ya kumezwa ovyo: hupandisha sukari katika damu, hudhoofisha mifupa, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kwa hiyo hadi sasa kinachoweza kubadilishwa zaidi si kiasi cha dawa bali siku ya kuianza.

Uzi wa nailoni na kadi

Kipimo cha kugundua siku hiyo hakihitaji umeme. Mgonjwa hufumba macho. Mpimaji huigusa ngozi ya kiganja na ya unyayo kwa nyuzi za nailoni zilizokatwa kwa unene maalumu, kila uzi ukipinda unapofikia nguvu fulani. Kwa kiganja uzi wa gramu 2 hutumika kama mpaka, kwa unyayo ule wa gramu 10. Pasipo nyuzi hizo, ncha ya kalamu ya kawaida hutosha, mradi iguse kwa wepesi uleule. Kisha nguvu za misuli hupimwa: jicho lifumbwe kwa nguvu, kidole kidogo kitanuliwe pembeni, dole gumba liinuliwe juu, mguu uinuliwe kutoka kifundoni. Kila msuli hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Kazi yote huchukua dakika chache kwa mtu aliyezoea.

Matokeo huandikwa katika kadi, na hapo ndipo lile neno "kabla" linaporudi. Alama 4 ya kidole kidogo, ikisomwa peke yake, haina maana kubwa. Huenda mtu huyo amekuwa hivyo tangu utotoni. Alama 4 ya leo iliyo chini ya alama 5 ya mwezi uliopita ni mshipa unaobanwa sasa hivi, na kwa huyo bashiri bado ni njema. Kipimo kinachotumika sana kwa takwimu za mataifa, daraja la ulemavu la 0, 1 na 2, hakiwezi kufanya kazi hiyo. Daraja la 2 ni ulemavu uonekanao kwa macho, na likifikiwa kwa kawaida muda umekwisha pita. Linafaa kuonyesha jinsi wagonjwa wa nchi walivyochelewa kugunduliwa, lakini halimsaidii sana mtu anayekaribia kuchelewa.

Tatizo gumu ni la baada ya dawa mseto. Matibabu ya ukoma wa viini vichache huchukua miezi 6, ya viini vingi miezi 12, kisha jina la mgonjwa huondolewa katika daftari la matibabu. Kwa upande wa viini, hilo ni sahihi; viini vimekufa. Kwa upande wa mishipa, hatari huendelea kwa miezi mingine mingi, na mwenye mishipa hiyo sasa hana siku ya kuitwa zahanati. Zaidi ya hayo ameambiwa amepona, na kwa jinsi jina la ukoma linavyochukiwa, hana hamu ya kuonekana tena akiingia mlango uleule. Kama ni wakati wa masika, maji yamejaa mashambani na palizi haingoji.

Kwa mkulima wa Kilangali, basi, mganga atafungua kadi ya zamani na kutafuta mstari wa mwisho uliopimwa. Ikiwa unaonyesha 5 kwa kidole kidogo, na ikiwa mgonjwa anakumbuka kwamba wakati wa kupandikiza bado alikuwa akitanua vidole vyote, shambulio lina umri wa miezi miwili au mitatu. Ataandikiwa prednisoloni baada ya kuchunguzwa kifua kikuu na sukari, atafungiwa kibao cha kunyoosha vidole usiku, ataambiwa ashike sufuria kwa kitambaa, na atapimwa tena baada ya majuma mawili. Kwa swali lake atajibiwa kwamba wengi wenye hali kama yake mikono yao hurudi, na kwamba alama za majuma machache yajayo zitasema zaidi. Ikiwa kadi haina mstari wowote, mganga ataanza na dawa hiyohiyo, bali jibu la swali hana.